Mtu wa Miraba 18: Mwongozo Kamili wa Kuchora kwa Kanuni za Misri ya Kale

Ukiingia kaburi la Farao Horemheb kwenye Bonde la Wafalme, ng'ambo ya Nile mkabala na mji wa Luxor, utakuta kuta ambazo mafundi waliziacha kazi haijaisha. Horemheb alikuwa mfalme wa mwisho wa nasaba ya 18, na mauti yalimkuta kaburi bado linachongwa, mwanzoni mwa karne ya 13 K.K. Hapa utaona mistari myekundu ya miraba. Pale kuna mchoro wa kwanza wa wino mwekundu, na juu yake mkono mwingine umepita na wino mweusi ukisahihisha. Hatua chache mbele patasi imeanza kula jiwe, na chumba kingine kimeshapakwa rangi hadi mwisho. Ni somo zima la uchoraji, limesimama ukutani.

Tutafuata hatua hizo hizo, kwenye karatasi. Ukimaliza utakuwa na mchoro wa mtu aliyesimama kwa kanuni ya Kimisri, na njiani utakuwa umezigusa kwa mkono kanuni za usanifu ambazo wanafunzi wengi huzikariri kama orodha tu: uwiano, urari, mkazo, takriri, mwendo, umoja. Nimegundua kwamba anayezikariri huzisahau wiki ya mtihani, ila aliyewahi kuhesabu miraba hazimtoki. Tenga mchana mmoja.

Vifaa

Karatasi ya A3 (sentimita 29.7 kwa 42), penseli, rula ndefu, kifutio, kalamu ya wino mwekundu, kalamu ya wino mweusi, na rangi za maji: nyekundu ya udongo, njano ya udongo, buluu, kijani, nyeusi na nyeupe. Basi.

Fundi wa Misri hakuhitaji rula kwa ukuta mkubwa. Alichovya uzi kwenye rangi nyekundu ya udongo, wawili wakaushika ukakaza, ukavutwa na kuachiwa ukapiga ukuta. Ukishamwona fundi wa vigae akipiga uzi wenye unga wa rangi kabla hajapanga kigae cha kwanza, umeiona mbinu hiyo.

Hatua ya kwanza: piga miraba

Panda sentimita 2 kutoka ukingo wa chini wa karatasi, upige mstari wa kulala. Huo ni mstari wa ardhi, na kila kitu kitasimama juu yake. Kuanzia hapo, piga mistari ya kulala kila baada ya sentimita 2 hadi utimize miraba 18, yaani sentimita 36. Juu zitabaki sentimita 4, ziache. Kisha piga mistari ya kusimama kwa kipimo hicho hicho. Utapata miraba 14 kwa upana. Ipe mistari ya kulala namba, 0 kwa ardhi hadi 18.

Sasa tahadhari, kwa sababu mimi mwenyewe niliangukia hapa mara ya kwanza. Mstari wa 18 hauishii utosini. Unaishia pale paji la uso linapokutana na nywele. Nilimbana mtu wangu mzima ndani ya miraba 18, utosi na yote, akatoka kibushuti mwenye shingo iliyozama mabegani, nami nikailaumu penseli. Mafundi wale walikuwa na sababu: juu ya paji la uso huja nywele za bandia, kitambaa au taji, na vimo vyake havilingani. Kimo cha mtu kilipimwa mahali pasipobadilika.

Miraba hii ilianza kutumika kwa mpango huo katika Ufalme wa Kati, takribani miaka 2000 K.K. Kabla ya hapo, katika Ufalme wa Kale, wachoraji walitosheka na mistari michache ya kulala na mmoja wa kusimama. Kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna ubao uliopakwa lipu nyeupe, na juu yake amechorwa Farao Thutmose III ameketi, miraba bado inaonekana. Aliyeketi huhesabiwa miraba 14 hadi kwenye nywele, lakini tuanze na aliyesimama.

Hatua ya pili: weka alama za kimo

Chagua mstari mmoja wa kusimama karibu na katikati ya karatasi uukoleze. Utapita karibu na sikio, ushuke kifuani, ufike chini kati ya miguu miwili. Juu yake weka alama hizi:

- mstari wa 6: goti
- mstari wa 9: mwisho wa makalio
- mstari wa 11: kiuno, pale mgongo unapoingia ndani
- mstari wa 12: kiwiko cha mkono ulioning'inia
- mstari wa 14: chuchu
- mstari wa 16: shingo inapokutana na mabega
- mstari wa 17: chini ya pua
- mstari wa 18: nywele zinapoanzia

Huu ndio uwiano: kila sehemu ya mwili inapimwa kwa sehemu nyingine. Mraba mmoja ni upana wa ngumi ya huyo huyo unayemchora, kwa hiyo mtu anapimwa kwa mkono wake mwenyewe. Ukimchora kwa miraba ya sentimita 2 au ya nusu mita, kwenye kipande cha mbao au kwenye ukuta wa hekalu, ni mtu yule yule. Mafundi kumi wanaweza kugawana ukuta mmoja na asijulikane nani alichora wapi. Mchoraji kwa Kimisri aliitwa sesh kedut, mwandishi wa maumbo, na sidhani alitarajiwa kuwa na mwandiko wake wa pekee.

Hatua ya tatu: miguu

Chukua kalamu nyekundu. Mtu wetu anatazama kulia kwako. Nyayo zote mbili zilale juu ya mstari wa ardhi, bila kisigino kunyanyuka hata akiwa anatembea. Kila unyayo una urefu wa miraba kama 3. Mguu unaotangulia ni ule wa mbali nawe, yaani wa kushoto. Kati ya kidole gumba cha mguu wa nyuma na kisigino cha mguu wa mbele, mimi huacha mraba mmoja na nusu.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulitazama miaka wasilione. Chunguza nyayo kwenye michoro mingi ya Misri: zote mbili zinaonyeshwa kwa upande wa ndani. Kila mguu una kidole gumba karibu nawe, na chini yake uwazi wa kiganja cha mguu. Ni kana kwamba mtu ana miguu miwili ya kushoto. Haikuwa kupitiwa. Upande wa ndani wa unyayo una umbo zuri na rahisi kutambulika, basi kwa nini mguu mmoja upewe umbo bora na mwingine unyimwe? Zama za Farao Akhenaten, karne ya 14 K.K., ndipo wachoraji walipozoea kuonyesha vidole vyote vya mguu ulio karibu.

Hatua ya nne: kiwiliwili

Panda na miguu kwa ubavu hadi kwenye makalio, mstari wa 9. Kiuno kikiwa mstari wa 11, kipe upana wa miraba miwili na nusu. Kuanzia hapo mwili unageuka ukutazame. Mabega huonekana kwa mbele, yote mawili, kwa upana wa miraba 6, yaani sentimita 12 kwenye karatasi yako. Ukichora mwanamke, punguza mabega hadi miraba 5 au chini kidogo, pandisha kiuno juu kidogo, na ufupishe hatua ya miguu.

Ingawa mabega yametazama mbele, kifua kinachorwa kwa ubavu: chuchu moja tu, kwenye ukingo wa mbele wa mwili, mstari wa 14. Kitovu nacho husogezwa kuelekea mbele, ndani kidogo ya ukingo. Mkono mmoja ushushe ubavuni, ngumi imefumbwa, mraba mmoja. Mwingine unaweza kushika fimbo mbele. Fimbo iwe imesimama wima kabisa.

Hatua ya tano: kichwa

Kichwa ni cha ubavu: pua, midomo, kidevu, vyote vinatazama kulia. Jicho ni la mbele, zima, kama linavyoonekana mtu anapokukazia macho. Lizungushie wanja mzito na uvute mstari wake kuelekea sikio.

Sasa simama, utazame ulichochora. Unyayo wa ndani, mguu wa ubavu, bega la mbele, uso wa ubavu, jicho la mbele. Hakuna binadamu anayeweza kusimama hivyo bila kuvunjika mgongo. Ndipo utasikia watu wakisema Wamisri hawakujua kuchora. Naomba tuachane na maneno hayo. Katika michoro iliyotoka kaburi la Nebamun, ofisa wa Misri wa takribani 1350 K.K., kuna karamu ambamo wanawake wawili kati ya wapiga muziki wametazama mbele moja kwa moja, nyuso nzima. Kwenye makumbusho ya Turin, Italia, kuna kipande cha jiwe chenye mchezaji aliyejipinda kinyumenyume hadi mikono ikagusa ardhi, nywele zikimwagika, mstari mmoja mwepesi usio na woga. Mkono uliochora hivyo ungeweza kuchora bega la ubavu. Tazama lakini ni nani waliochorwa hivyo: wapiga muziki na mchezaji. Mwenye kaburi hakuguswa. Yeye alihitaji kudumu milele, na ili adumu ilibidi kila kiungo chake kionekane kwa upande unaokitambulisha vizuri zaidi. Mchoro wake ulikuwa mwili wa akiba.

Hatua ya sita: wino mweusi

Usifute wino mwekundu. Pitia mchoro wote na kalamu nyeusi, ukichagua mstari mmoja pale ambapo mwekundu ulisitasita. Huyu wa wino mweusi alikuwa mkuu wa wachoraji. Ukiwa na rafiki, badilishaneni karatasi, kila mmoja amsahihishe mwenzake. Inauma kidogo, lakini macho ya mwingine huona shingo iliyopinda ambayo wewe umeshaizoea.

Hatua ya saba: mtu wa pili, nusu ya yule wa kwanza

Nyuma ya mtu wako, kwenye mstari ule ule wa ardhi, piga miraba midogo ya sentimita 1 na umchore mtu mwingine kwa kanuni ile ile: goti la 6, kiuno cha 11, nywele za 18. Atafika sentimita 18, na nywele zake zitakuwa sambamba na makalio ya mkubwa.

Hujachora mtoto. Mtoto ana kichwa kikubwa ukilinganisha na mwili. Huyu ana uwiano wa mtu mzima. Umechora mtu mzima mwenye cheo kidogo. Ni mkazo kwa ukubwa, na ni kanuni iliyokuwapo tangu mwanzo kabisa wa ufalme wa Misri. Kibao cha mfalme Narmer, cha takribani 3100 K.K., kilichofukuliwa Hierakonpolis, mji wa kale kusini mwa Misri, mwaka 1898 na sasa kiko Cairo, kina kimo cha sentimita 64 hivi. Upande mmoja mfalme ameinua rungu juu ya adui aliyepiga magoti, naye peke yake amejaa karibu kimo chote cha uwanja wa kati. Nyuma yake amesimama mbeba viatu wake, mdogo, na hata ardhi ya mfalme hakukanyaga: amepewa kimstari chake cha pembeni.

Mkazo haukuletwa na ukubwa tu. Tazama nafasi tupu iliyolizunguka lile rungu. Jicho linakimbilia pasipo na msongamano, na rungu ndilo linaloning'inia hapo.

Hatua ya nane: geuza mstari wa ardhi kuwa safu

Kwa hatua hii chukua karatasi mpya, uigawe kwa mistari mitatu ya ardhi, kila mmoja ukibeba safu yake ya watu. Tuhame Misri kidogo, twende Iraki ya kusini, kwenye mji wa Ur, ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kwa jina la Uru. Katika makaburi ya kifalme yaliyochimbuliwa na Leonard Woolley miaka ya 1920 kilipatikana kisanduku cha takribani 2500 K.K., urefu wake karibu nusu mita, kilichopambwa kwa vipande vya kome, jiwe jekundu la chokaa na lapisi lazuli, jiwe la buluu lililosafirishwa kutoka Afghanistan. Upande mmoja ni vita, upande wa pili ni karamu. Kila upande una safu tatu.

Safu ya chini ya upande wa vita nimeitumia kufundishia mara nyingi kuliko picha nyingine yoyote. Magari ya magurudumu manne yamefuatana, yakivutwa na wanyama wa jamii ya punda. Gari la kwanza kushoto, wanyama wanatembea polepole. Linalofuata wamekaza mwendo. Mbele zaidi wanaruka, na chini ya kwato kuna maiti. Umbo ni moja, limerudiwa. Kinachobadilika ni pembe ya miguu. Hiyo ndiyo takriri inayozaa mwendo. Ukirudia bila kubadilisha kitu unapata pambo, kama pindo la kanga, nalo lina kazi yake. Ukirudia huku ukibadilisha kidogo kidogo, picha inaanza kwenda.

Jaribu: kwenye safu ya chini chora punda wanne, sawasawa kwa kila kitu isipokuwa miguu. Tanua hatua kila unaposogea kulia. Usitie vumbi wala mistari ya upepo.

Safu ya juu, katikati, amesimama mfalme, mrefu kiasi kwamba kichwa chake kimevuka mpaka wa safu na kuingia kwenye pambo la ukingo. Wachoraji wa Ur na wa Misri walifikia jawabu moja kuhusu cheo, kila mmoja kwao.

Hatua ya tisa: urari na maandishi

Rudi kwenye karatasi yako ya kwanza. Kushoto una mtu mkubwa na mdogo nyuma yake, kulia kuna uwazi. Karatasi inaelemea upande mmoja.

Kuna njia mbili za kuisawazisha. Ya kwanza ni pande mbili zinazofanana, kama kwenye upande wa pili wa kibao cha Narmer: wanyama wawili wenye shingo ndefu za nyoka wamezisokota, na mzunguko wa shingo zao umefanya kishimo cha duara. Kibao chenyewe kwa asili ni cha kusagia wanja, na kishimo ndipo wanja husagwa. Mchoraji aliipamba kazi kwa kazi. Njia ya pili ni kitu kimoja kikubwa kusawazishwa na vidogo vingi. Upande wenye rungu ndivyo ulivyo: mfalme mmoja, na mbele yake kipanga, mafunjo na mateka.

Kwako tutatumia njia ya pili, kwa maandishi. Mbele ya uso wa mtu wako piga safu mbili za kusimama na uzijaze alama za maandishi ya Kimisri: ndege, jicho, maji, mkono. Alama zenye nyuso zitazame upande ule ule anaotazama mtu, kulia. Ndivyo walivyofanya, na ndivyo unavyojua pa kuanzia kusoma: unasoma ukiwaendea ndege usoni. Mtu na maneno yake wakitazama upande mmoja, mstari ule ule mweusi ukichora fimbo na bawa la ndege, umoja unajitokeza wenyewe.

Hatua ya kumi: rangi

Futa penseli. Paka rangi bapa, bila kivuli wala mng'aro. Ngozi ya mwanamume nyekundu ya udongo iliyokolea, ya mwanamke njano. Nguo nyeupe, nywele nyeusi. Anza na maeneo makubwa, maliza na madogo, mwisho kabisa rudisha mstari wa ukingo kwa brashi nyembamba.

Rangi zao zilikuwa udongo, masizi, chokaa na madini ya shaba, zikishikizwa kwa vitu kama utomvu wa mgunga. Buluu ndiyo iliyowatoa jasho: mchanga, chokaa, shaba na majivu ya mimea au magadi, vikachomwa pamoja kwenye moto wa nyuzi kama 900, kisha vikasagwa. Kwa hiyo uwe bahili na buluu yako. Iweke mahali pawili au patatu tu, kwenye ushanga wa shingoni na kwenye alama za maandishi, na ukinzani wake na ile nyekundu utafanya kazi bila msaada.

Hatua ya kumi na moja: vunja kanuni

Tazama jiwe la ushindi la Naram-Sin, mfalme wa Akadi, katika Iraki ya leo, takribani 2250 K.K. Jiwe hilo, refu kwa mita mbili, lilitekwa na Waelami, majirani wa mashariki, katika karne ya 12 K.K. na kupelekwa Susa, Iran. Leo liko Louvre, Paris. Aliyelichonga alizijua safu, akazifuta. Askari wanapanda mlima kwa mshazari, maadui wanaporomoka, na njia zote zinapanda hadi kwa mfalme mwenye kofia ya pembe, alama ya miungu, akiwa chini ya nyota. Ukubwa wake umebaki vile vile wa cheo. Kilichobadilika ni ardhi. Chora mstari wa mshazari mahali pa mstari wako wa kulala, uone jinsi watu wale wale wanavyoanza kuhema.

Kisha rudi kwa Akhenaten. Zama zake miraba hadi kwenye nywele ilikuwa 20, na ile miwili ya ziada iliingizwa juu ya magoti, kwenye kiwiliwili na shingo. Kwenye karatasi mpya gawa zile zile sentimita 36 kwa 20, upate miraba ya sentimita 1.8. Goti libaki mstari wa 6, kisha nyoosha shingo na ushushe tumbo. Ukimaliza weka karatasi mbili bega kwa bega. Goti limeshuka kwa sentimita 1.2 tu, kimo hakijaongezeka hata nywele moja, na aliyesimama mbele yako ni mtu mwingine.